Miwani ya uhalisia pepe wakati wa kubadilisha bandeji ya kidonda cha moto

Aliyemwagikiwa mafuta ya mahamri huanza kutetemeka akiisikia tu toroli ya bandeji. Miwani ya uhalisia pepe, yaani kifaa kinachofunika macho na kumwonyesha mvaaji mandhari ya kompyuta pande zote, humsaidia kwa kumshughulisha: akili iliyozama mchezoni haibakiwi na nafasi kubwa ya kusikiliza kidonda. Njia hii ilijaribiwa kwa majeruhi wa moto huko Seattle, Marekani, miaka ya 1990, na baadaye ukatengenezwa mchezo wa kurusha mipira ya theluji. Haichukui nafasi ya dawa. Dawa ya maumivu ya kumeza itolewe kwanza, nusu saa hadi saa moja kabla.

Usimvalishe mwenye kifafa, anayetapika, mwenye kidonda usoni au kichwani, wala mwenye macho mekundu. Kwa watoto, soma umri uliowekwa na mtengenezaji. Mara nyingi ni miaka 10 au 13.

Pakua mchezo mapema, maana intaneti ya wodini haitabiriki, na chaji betri ijae: nyingi hudumu saa mbili hivi. Chagua mchezo usio na maneno mengi ya Kiingereza, ambao mchezaji hukaa pale pale na vitu ndivyo vinavyomjia. Mandhari ya mashua inayoyumba yaache kabisa, hata kwa mvuvi wa Lamu. Macho yakiona mwendo ambao mwili hauusikii, kichefuchefu hufuata.

Mlaze kwanza, kisha ndipo uweke upya upande wa mbele wa mandhari. Ukiweka akiwa ameketi, akilala ataona dari tupu. Sogeza lenzi zilingane na umbali kati ya mboni za macho (kwa watu wazima wengi ni karibu milimita 63) hadi maandishi yasomeke vizuri. Kwa mama mwenye ushungi, mikanda ipite juu ya kitambaa, na muuguzi wa kike ndiye aikaze. Mkono uliochomeka usishike kidhibiti. Tumia ule mzima, au mchezo unaoongozwa kwa kutazama.

Sasa subiri dakika tatu hadi tano kabla ya kugusa bandeji. Hapa ndipo wengi huharibu: miwani ikivaliwa bandeji ikiwa tayari inavutwa, maumivu yameshatangulia na mchezo hauna wa kumshika. Sauti iwe ya chini, akusikie ukimwambia, "Mama, sasa namwaga maji." Mkubaliane ishara ya kusimama, mathalani kuinua mkono, na uiheshimu papo hapo. Akitokwa jasho jembamba au akinyamaza ghafla, vua.

Baadaye futa plastiki na mikanda kwa spiriti ya asilimia 70, lakini lenzi zifutwe kwa kitambaa laini kikavu. Spiriti huzitia ukungu usiotoka. Sponji inayogusa uso ifunikwe kwa kifuniko cha kutupwa, kipya kwa kila mgonjwa. Na usiiache miwani dirishani: jua la Malindi likipita kwenye lenzi huunguza kioo cha ndani kwa dakika chache tu, na doa hilo halitengenezeki.