Tomu Kubwa Ikisema "Pu", Inyanyue Kwanza

Miaka miwili nzima nimeitukana ngozi ya ngoma bure. Tomu kubwa ya kanisani kwetu hapa Mwanza, ile ngoma ya miguu mitatu inayokaa mkono wa kulia wa mpiga drams, inchi 16 kwa 16, ukiipiga ilisema "pu" kama boksi la viatu. Nikabandika solotepu. Nikaweka leso iliyokunjwa, kisha solotepu nyingine juu ya leso. Ikazidi kufa.

Siku moja tunapakia vyombo kwenda harusini Igoma, vijana wawili wakainyanyua kwa ringi, ile pete inayobana ngozi, wa tatu akaigonga kwa utani. "Duuum!" Wote tukageuka. Tomu ile ile, leso ile ile.

Kwa hiyo, kabla hujagusa ufunguo wa kukazia skrubu za ngozi, mwombe mtu ainyanyue kwa ringi kidogo tu kutoka sakafuni. Piga katikati. Aishushe, piga tena palepale. Ikivuma hewani na kufa chini, ngozi haina kosa, tazama miguu. Raba za miguu ya yetu zilikuwa zimelika mpaka chuma kinagusa vigae, na mtikisiko wote ukawa unaishia sakafuni. Kama utapata raba mpya, nunua. Mimi nilichukua kandambili iliyokatika mkanda, nikakata vipande vitatu, kila mguu ukakalia chake. Sponji la godoro nililijaribu pia, ila ni laini mno, tomu inayumba ukikolea.

Ikiwa hata hewani inasema "pu", tenga nusu saa. Fungua skrubu zote, toa ngozi zote mbili, pitisha kidole taratibu kwenye ukingo wa mbao ngozi inapokaa. Kwetu nilikuta gundi ya solotepu na tone la nta ya mshumaa, usiniulize ilifikaje. Futa kwa kitambaa kikavu. Kisha simamisha ganda, yaani mwili wa mbao wa tomu, juu ya meza ya kioo, zima taa, washa tochi ya simu ndani yake. Mwanga ukipenya chini, ukingo hauko sawa, na hiyo ni kazi ya fundi anayejua mbao. Usiingie na msasa wako.

Sasa ngozi ya chini, ambayo wengi hatuigusi tangu drams zinunuliwe. Hiyo ndiyo yenye sauti kubwa katika kuamua tomu ivume kwa muda gani. Ivishe kwanza, kaza skrubu zote kwa vidole mpaka zigome. Halafu shika ufunguo: nusu mzunguko kwa skrubu moja, kisha ruka uende inayotazamana nayo ng'ambo. Ukizunguka kwa mpangilio kama unayefunga kifuniko cha sufuria, upande mmoja utavutwa kuliko mwingine. Bonyeza katikati kwa kiganja ngozi ikae, endelea mpaka mikunjo iishe, kisha ivishe ya juu vivyo hivyo.

Hapa usiwe na haraka. Laza tomu juu ya blanketi ili ngozi ya pili inyamaze, gonga kwa ncha ya stiki kama sentimita 4 kutoka ukingoni, mbele ya kila skrubu. Utasikia moja inalia juu, nyingine inalegea. Ile skrubu inayolia juu ilegeze kupita unavyotaka, kisha ipandishe polepole ifikie wenzake. Zikishakubaliana zote, geuza, fanya vivyo hivyo kwa ngozi ya juu.

Ngozi mbili zikiwa na sauti sawa, tomu huvuma kwa muda mrefu. Mimi naipandisha ya chini kidogo kuliko ya juu: mvumo unakatika mapema, maana kwaya yetu haimalizi ubeti bila mtu kuingiza mwingine.

Kuhusu sauti yenyewe, tumia masikio ya kwaya. Tomu kubwa ikiwa do, naitaka tomu ya kati iwe fa. Namwita mwalimu wa kwaya aimbe, mimi nazungusha ufunguo. Snea, ile ngoma yenye waya chini yake, ikianza kutetemeka yenyewe kila ukipiga tomu, sogeza sauti ya tomu juu au chini kidogo, usikimbilie kulaumu waya za snea.

Kwenye maiki, iweke vidole vitatu juu ya ngozi, karibu na ringi, ikielekea pale stiki inapotua. Mwambie mtu wa mitambo apunguze kidogo sauti za kati ya hezi (Hz) 300 na 500, ndipo boksi la viatu linapoishi.

Solotepu bado ninayo mfukoni. Ukumbi ukiwa na mwangwi, nabandika kipande kimoja cha urefu wa kidole, pembeni kabisa. Leso nimeirudisha kwa mama mchungaji, alikuwa anaitafuta.