Uyoga wa kichuguu: namna ya kuutambua kabla haujaingia sufuriani

Shemeji yangu amehamia Urambo, na tangu mvua zishike, kila akiona kofia nyeupe kando ya njia ananitumia picha: "Shem, huu si ule ule mnaokula?" Picha ya kofia haiwezi kujibu swali hilo. Nimemwelekeza kwa simu mpaka vocha ikaisha, kwa hiyo nayaweka hapa yote, yamfae yeye na mgeni mwingine yeyote wa mkoa wetu wa Tabora.

Hapa nazungumzia uyoga wa kichuguu tu, ambao wataalamu huuita Termitomyces. Ule wa njano unaoota chini ya miti ya mitundu na miuba nao ni mtamu, ila una mambo yake.

1. Tafuta mchwa kwanza

Mchwa huingiza majani makavu na vijiti kichuguuni, huvitafuna, hutengeneza masega, na juu ya masega hayo hulima ukungu wa kujilisha. Mvua ikilowesha ardhi vizuri, ukungu huo hupanda juu na kuwa uyoga. Kwa hiyo pita juu ya vichuguu na pembeni mwake. Wakati mwingine kiota kiko chini kabisa na juu huoni kilima chochote. Piga nyasi kwa fimbo kabla ya kuingiza mkono, nyoka nao hupenda vichuguu. Kichuguu kilicho ndani ya shamba la tumbaku kipite hata kama kimejaa uyoga, kwa sababu hujui kimepigiwa dawa gani.

2. Vifaa

Kikapu cha ukili na kisu chembamba cha jikoni. Basi. Kiroba hapana, mfuko wa nailoni ndiyo kabisa hapana: uyoga unatoka jasho na kufika nyumbani umeshaanza kunuka. Jembe liache nyumbani, litakata kile kile unachotaka kukiona na kuwavurugia mchwa masega yao.

3. Kofia

Katikati ya kofia kuna kichuchu kigumu, mara nyingi chenye rangi iliyokolea kuliko pembeni. Hicho ndicho hutoboa udongo. Chini ya kofia kuna matamvua, yaani vile vipande vyembamba vilivyopangana: ni meupe, hugeuka waridi hafifu yakikomaa, na hayajashikana na shina. Pete kwenye shina haikusaidii kitu, kwani ipo mingine inayo na mingine haina.

4. Chimba mpaka mwisho

Hapa ndipo watu huharakisha, na hapa ndipo penye hukumu. Ukiuvuta uyoga kwa juu, utakatikia usawa wa ardhi na ushahidi utabaki chini. Shika shina kwa mkono mmoja, kwa mwingine ondoa udongo taratibu kwa ncha ya kisu, upande mmoja tu, ukiufuata mguu unavyoshuka. Uyoga wa kichuguu una mzizi mrefu unaokwenda ukichongoka, shibiri moja au zaidi, mpaka kwenye sega. Ganda la mzizi mara nyingi ni la kahawia au jeusi. Ukiupasua, ndani ni mweupe wenye nyuzi.

Sasa angalia: mingine hunenepa palepale usawa wa ardhi, halafu ndipo ikachongoka. Unene huo ukikatikia hapo, unafanana na kitako cha uyoga mbaya. Na uyoga mbaya ukikatikia hapo, unafanana na huu. Kwa hiyo usiniambie "niliona pamenenepa". Niambie umeona nini chini ya unene huo.

Ukikuta mguu umeishia kwenye kikombe, yaani ngozi nyeupe iliyozunguka kitako kama mfuko uliopasuka, uache. Huo ni wa jamii ya Amanita. Ipo inayolika, lakini waachie wanaoijua tangu utotoni, maana katika jamii hiyo imo inayoua ini. Sumu yake haiishi kwa kuchemsha, wala kwa chumvi, wala kwa kumwaga maji ya kwanza. Dalili huchelewa kuanzia saa sita hivi baada ya kula, hata siku nzima, wakati sumu imeshaanza kazi. Yale ya kuupika na kitunguu, eti kikigeuka rangi una sumu, au "wadudu wameula, basi hauna sumu", yasahau. Mtu akianza kutapika baada ya kula uyoga wowote, mpelekeni hospitali na mabaki ya uyoga mkononi.

Vile vikofia vidogo vya upana wa kidole vinavyotapakaa kwa mamia juu ya udongo pia ni ndugu wa uyoga huu na vinalika, ila havina mzizi mrefu. Kanuni hii ya mzizi haivihusu. Hivyo chuma na mwenyeji.

5. Karatasi

Kuna uyoga wenye magamba juu unaopenda majani ya uwanjani, Chlorophyllum molybdites. Ukiwa mchanga matamvua yake ni meupe safi, macho yatakudanganya. Kata kofia moja iliyokwisha funguka, ilaze kifudifudi juu ya karatasi nyeupe, ifunike kwa bakuli, uache toka asubuhi mpaka jioni, kisha utazame vumbi lililodondoka toka kwenye matamvua. Vumbi la waridi au la rangi ya maziwa yenye wekundu kidogo: endelea. Vumbi la kijani: tupa, utatapika na kuharisha. Kofia iliyolowa chapachapa haitoi vumbi, na iliyofungika bado haitoi. Pasipo vumbi hujapata jibu, rudia na nyingine. Kila kichuguu kiwe na karatasi yake, na uyoga wa mahali pawili usiuchanganye kikapuni. Uliobaki utandaze kwenye ungo kivulini wakati unasubiri.

6. Jikoni

Kwangua udongo, osha haraka bila kuloweka, chana kwa mkono. Chemsha uive kabisa, tia karanga za kutwanga, chumvi, nyanya ukipenda. Mafuta mengi yanauharibu. Unaozidi uchane mwembamba, uanike juani juu ya uchanja mpaka uvunjike ukiukunja, ndipo ufunike kwenye ndoo. Siku ya kuupika uloweke kwa maji ya uvuguvugu, uchuje mchanga, na maji hayo yaingie sufuriani.