Kabla hujapanda Limuru na baiskeli kwa baridi ya Julai: mambo ya kuzingatia

Watu wengi wakijipanga kwa raidi ya Jumapili mwezi wa saba wanavaa kulingana na vile wanahisi wakiwa mlangoni, na hapo ndipo mambo huanza kuharibika. Ukitoka Westlands, Nairobi, saa moja asubuhi ukielekea Ruaka, Banana, mpaka Tigoni huko Limuru, unapanda karibu njia yote, na ukipanda mwili unajipasha moto wenyewe, ukifika Ruaka ushafungua zipu, ukifika Banana unatamani kutoa jaketi kabisa. Baridi yenyewe bado hujakutana nayo. Inakungoja huko juu ukisimama kunywa chai na shati limelowa jasho, na inakungoja zaidi ukigeuza baiskeli kurudi, juu sasa haukanyagi sana, unateremka tu na upepo unakupiga kifuani kilomita baada ya kilomita. Kwa hivyo nguo, breki, chakula, hata saa ya kutoka nyumbani, panga zote ukiwaza vile utashuka.

Hesabu yake iko hivi. Nairobi mjini ni kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, Limuru ni zaidi ya 2,200, na hewa inapoa kama digrii 6 kila ukipanda mita 1,000, kwa hivyo asubuhi ya digrii 12 mjini ni kama digrii 9 huko kwa mashamba ya majani chai. Sasa ongeza spidi: hewa ya digrii 10 ukiikata kwa kilomita 40 kwa saa, ngozi kavu inaihisi kama digrii 6, na ngozi yako saa hiyo haitakuwa kavu. Halafu kuna mawingu. Kuanzia Juni mpaka Agosti pepo za kusini mashariki zinatuletea unyevu kutoka baharini, yale mawingu ya chini yanatanda na kukaa, jua siku nyingine linachungulia saa saba mchana na siku nyingine halitoki kabisa, hakuna mvua kubwa ya kumfanya mtu ajifiche, ni manyunyu tu, na manyunyu ndiyo yanawapata watu kwa sababu unaendelea kukanyaga ukisema si kitu mpaka soksi zimelowa. Utabiri angalia Jumamosi jioni, lakini angalia wa Limuru, usiangalie wa Nairobi peke yake.

Nguo sasa, na hapa nitakaa kidogo. Tisheti ya pamba wacha nyumbani. Pamba inanyonya jasho na kulishikilia hapo kwa ngozi, na ukisimama dakika tano linageuka maji baridi mgongoni. Unataka vesti nyembamba ya poliesta au ya sufi inayobana mwili, juu yake jezi ya kawaida, halafu windibreka nyepesi inayokunjika mpaka ikaingia mfuko wa nyuma. Hauhitaji pesa nyingi. Masoko ya mitumba ya Gikomba na Toi yamejaa nguo za watu wa kukimbia na wa kupanda milima, ni kuangalia lebo ya ndani imeandikwa nini, na windibreka uijaribu hapo hapo kwa muuzaji: ibandike mdomoni upulize, kama pumzi inapita bila shida rudisha ushike ingine. Nunua inayokukaa vizuri kifuani, juu ile kubwa ya kupepea itashika upepo kama tanga la jahazi na utachoka bure.

Lakini kama ni kitu kimoja tu utabeba kwa hii orodha yangu yote, beba vesti ya pili iliyo kavu, ndani ya mfuko usioingiza maji. Ukifika pale utakaponywa chai usikae kwanza, ingia chooni ama nyuma ya kibanda, vua ile iliyolowa, vaa kavu, funga windibreka, ndio sasa uagize. Hakuna jaketi ya bei gani inaweza kukupa hiyo tofauti. Na kama umesahau vesti, omba mwenye kibanda gazeti la jana, likunje uliweke kifuani chini ya jezi. Wakimbiaji wa baiskeli Ulaya wametumia hiyo mbinu miaka mingi sana wakifika kilele cha mlima kabla ya kuteremka, na inafanya kazi kweli, karatasi inazuia upepo na hewa iliyo katikati inabaki na joto la mwili.

Miguu inajipasha, lakini magoti yafunike, hasa kama umepita miaka arobaini. Masikio yafunike na kitambaa chembamba chini ya helmeti, si kofia nene ya sufi, juu helmeti ikikosa kukaa sawa kichwani haina kazi ukianguka.

Mikono nimeitenga makusudi juu si suala la starehe, ni la breki. Vidole vikifa ganzi hauwezi kujua unafinya kiasi gani, unachelewa, ama unafinya yote mara moja. Glavu za vidole vizima ni lazima, hata zile nyembamba za kawaida. Ukishuka vizuri usikae umeshika breki njia yote, finya, achilia, finya tena, na kila sehemu tambarare chezesha vidole. Kama breki zako ni zile za kubana rimu, kumbuka rimu ikilowa hizo padi zinapangusa maji kwanza ndio zianze kushika, kwa hivyo anza kupunguza spidi mbali kuliko vile umezoea. Diski zina afadhali kwa maji lakini pia nazo angalia padi zimebaki unene gani, usiku wa kuamkia raidi si wakati wa kugundua zimeisha. Tena barabara zetu ziko na bampu ambazo hazijapakwa rangi na zile rasta, matuta madogo ya mfululizo, zinazokutikisa mpaka meno, ukizikuta kwa ukungu na vidole vimekufa ganzi unaweza kuachilia hendo bila kutaka. Ile mistari nyeupe ya rangi nayo ikilowa inateleza, ipite wima, usiikanyage ukikata kona.

Njia ya kupitia ichague kabla ya kulala. Barabara ya Nakuru kupitia Kinoo na Uthiru inafika haraka lakini ni ya lori na mabasi, mimi simshauri mtu anayeanza aipite, na huko mbele Kimende na Kinale ukungu unaweza kuwa mzito hadi usione gari lililo mbele yako, na gari halikuoni wewe. Ile ya Red Hill kwenda Tigoni ni nzuri zaidi, iko na kona lakini iko na nafasi ya kupumua, na ukifika kwa majani chai utaelewa kwa nini watu wanaamka mapema hivyo, hiyo kijani imelala chini ya ukungu na hakuna kelele. Chai ya kwanza Kenya ilipandwa huku huku Limuru mwaka wa 1903, na baridi na unyevu unaokusumbua wewe ndio chai inapenda. Vilima vya upande wa Kikuyu ndivyo mwendesha baiskeli wetu David Kinjah alivyomfundishia Chris Froome akiwa kijana, kabla Froome hajaenda kushinda yale mashindano makubwa ya baiskeli ya Tour de France mara 4, kwa hivyo usijione mnyonge ukishuka kusukuma baiskeli kwa mkono, hivi vilima ni vya kweli.

Ukungu unataka taa, hata kama ni saa nne asubuhi. Nyekundu nyuma inayowaka na kuzima, nyeupe mbele, na kitu cha kung'aa kwa miguu, juu mguu unaopanda na kushuka ndio dereva huona haraka. Chaji zote Jumamosi, baridi inamaliza betri mbio kuliko kawaida, ya simu pia. Jua letu linachomoza kama saa kumi na mbili na nusu lakini kwa mawingu ya Julai mwanga wa maana unachelewa, kwa hivyo hakuna haja ya kutoka saa kumi na moja kama vile watu hufanya Januari. Saa moja, saa moja na nusu, inatosha.

Tairi: punguza upepo kidogo kuliko siku kavu, ishike lami iliyolowa. Kama utaingia barabara za maramu weka tairi pana, juu ule udongo mwekundu ukilowa unajaza kwa matadigadi mpaka gurudumu linakataa kuzunguka, na hapo hakuna nguvu itakusaidia, ni kijiti na subira. Tyubu spea mbili, leva, pampu ya mkononi. Nimesema tyubu spea kwa sababu kuweka kiraka kwa manyunyu ni kazi bure, soloshoni haishiki mahali pameloa, badilisha tyubu, pancha utaziba nyumbani. Na ujue valvu yako ni gani. Ile nyembamba ndefu haiingii kwa pampu ya petroli steshoni bila kile kiadapta kidogo cha shaba, kinauzwa bei ya chini na fundi yeyote anakijua, kifunge hapo kwa valvu kabisa usikisahau.

Kula kabla ya kutoka, na uendelee kula. Mwili unaotetemeka unachoma chakula haraka. Ndizi, viazi vitamu vya kuchemsha, chapati iliyokunjwa, vitu vinavyoshikika na glavu. Maji ndiyo watu wanasahau, juu kwa baridi hausikii kiu, unarudi na chupa imejaa na kichwa kinauma unafikiria ni homa. Chupa moja ya kawaida kila saa moja na nusu, hata kama hutaki, na moja iwe ya chai vuguvugu ya tangawizi ukitaka.

Sasa kama unaenda upande wa Magadi mambo yanageuka. Kutoka Kiserian unapita Corner Baridi upepo ukitaka kukuangusha, halafu unashuka na joto linapanda, kufikia huko chini ushavua kila kitu, na ziwa lenyewe la Magadi halifiki mita 700 juu ya usawa wa bahari. Huku baridi unakutana nayo mwanzoni na mwishoni, na kupanda kwingi kumewekwa njia ya kurudi, ukiwa umechoka. Kwa hivyo maji zaidi, na zile nguo ulizovua usimpe mtu wa gari la kubebea mizigo akitangulia mjini, utazihitaji ukifika tena pale juu jioni umelowa jasho.

Usiende peke yako kama ndio mara yako ya kwanza. Tuma lokesheni kwa mtu aliye nyumbani, beba pesa taslimu kidogo juu ya ile ya M-Pesa, maana netiwaki inaweza kupotea. Angalianeni. Mtu akitetemeka bila kukoma, akianza kuongea kama ulimi ni mzito, ama akishindwa kufungua zipu yake mwenyewe, huyo raidi yake imeisha hapo, hata akisema yuko sawa, na mara nyingi atasema yuko sawa. Mwondoeni kwa upepo, mvueni zilizolowa, mvisheni kavu, mpeni kitu moto na tamu. Asipoonyesha nafuu, ama akiacha kutetemeka bila kupata joto na kuanza kuchanganyikiwa, pigeni 999 au 112. Akipata nafuu arudi na matatu, makanga wengi watakubali baiskeli ukiwalipia nafasi yake, toa gurudumu la mbele tu uwarahisishie.

Ukifika nyumbani oga kwanza, lakini baiskeli isilale na hilo tope. Mwagilia maji kwa mkebe, si kwa presha, juu presha inasukuma mchanga ndani ya beringi, pangusa cheni na kitambaa kikavu, tia oili tone tone ukizungusha pedali nyuma, halafu pangusa tena ile iliyozidi.