SOMO: Kutundika maonyesho ya michoro ya kikundi hapa Mombasa, kuanzia ruhusa mpaka ukutani

Kila kikundi cha kuchora kinapotaka kufanya maonyesho, maswali yanayonifikia ni yale yale: mkaa unafutika, karatasi imejikunja, mwenye nyumba hataki misumari, tufanyeje? Nimeamua kuyaandika yote mahali pamoja. Atakayeniuliza tena nitamleta hapa.

Somo hili ni la wanaochora watu walio hai. Mtu anakaa, nyinyi mnamzunguka na mbao zenu mapajani, mnachora kwa mkaa au penseli kwenye karatasi. Karatasi na hewa ya pwani hazipatani, na karibu kila hatua hapa chini inatokana na hilo. Mwenye rangi ya mafuta kwenye turubai atafaidika na hatua chache tu.

Hatua ya 1: Ruhusa ya aliyechorwa

Mtu aliyekubali kuchorwa hajakubali kutundikwa ukutani. Haya ni maombi mawili, na la pili huombwa mchoro kwa mchoro, kwa maandishi. Mji wetu ni wa watu wanaojuana. Shingo na pua tu zinatosha mtu wa Kuze akamtambua jirani yake, kisha maneno yakafika nyumbani kabla ya mwenyewe. Kwa hivyo aliyekaa auone mchoro kabla ya mtu mwingine yeyote, aseme kama jina lake liandikwe au lisiandikwe, na akisema hapana, mchoro unarudi kwenye jalada bila mjadala. Ruhusa ya mtoto huombwa kwa mzazi wake.

Sisi huchora watu waliovaa: leso, kikoi, kanzu, nguo za kazi. Wanaodhani hapo umbo linapotea hawajajaribu kuchora leso iliyolala juu ya goti. Mikunjo yote inaanzia kwenye mfupa, na usipoujua mfupa uko wapi nguo itakusuta.

Hatua ya 2: Kuchagua

Kila mwanachama alete michoro mitano, na wachague watu wasio wa kikundi. Ingizeni na michoro ya dakika mbili, kwa sababu ndiyo inayoonyesha jicho la mchoraji.

Hatua ya 3: Tarehe

Epukeni mvua za mwaka, yaani Aprili na Mei. Epukeni Ijumaa mchana na mchana wa Ramadhani. Fungueni saa kumi alasiri, jua likishapoa.

Hatua ya 4: Mahali

Fort Jesus ni pazuri, ila lazima mzungumze na Makavazi ya Taifa mapema, na mkumbuke kwamba getini kuna tiketi. Mama aliyewakalia mkamchora asilipe ili ajione! Alliance Française, kituo cha utamaduni wa Kifaransa, huwa wanapokea maonyesho. Ukumbi wa shule unafaa wakati wa likizo.

Mkipata nyumba ya Mji wa Kale, pimeni chumba kabla ya kushukuru. Dari za nyumba zile zimebebwa na boriti za mikoko, na boriti haina urefu wa kutosha kuvuka chumba kipana. Ndiyo maana vyumba ni virefu lakini vyembamba, mara nyingi chini ya mita tatu. Mtazamaji hana pa kurudi nyuma. Mchoro wa mtu mzima wa mita nzima utamkaa usoni, hataona chochote. Kule wekeni michoro midogo: mikono, vichwa, watu waliokaa. Mikubwa itafutieni ukumbi.

Hatua ya 5: Mkaa, karatasi na kioo

Someni hapa polepole, kwa sababu hapa ndipo tulipoumia.

Tulikuwa na mchoro wa mikono ya mzee mvuvi anashona wavu, mkaa mtupu, umechorwa na mwanachama mwenye mkono mwepesi. Ulitiwa kwenye fremu, kioo kimelalia karatasi. Ukumbi ulikuwa na AC mchana, usiku inazimwa na madirisha yanafunguliwa. Hewa ya unyevu ikakutana na kioo baridi, karatasi ikanywa maji, ikavimba na kushikana na kioo. Siku ya kufungua fremu, kidole gumba cha mzee kilitoka na kioo. Kwenye karatasi kilibaki kivuli cha kijivu, na pembeni madoa ya kahawia ya kuvu. Mkaa ukishahamia kwenye kioo haurudi.

Basi fuateni hivi. Kwanza pulizieni mchoro dawa ya kuzuia mkaa, ile maduka ya sanaa huita fiksativu. Laza karatasi, simama umbali wa sentimita 30 hivi, pitisha tabaka jembamba, acha likauke, kisha pitisha la pili. Ukimwaga tabaka zito mara moja, mkaa utapiga weusi na vivuli vyote vyepesi vitapotea. Jaribu kwanza kwenye mchoro usioupenda. Fanya nje au penye upepo, dawa ile si ya kuvuta kifuani. Spre ya nywele hushika kidogo, lakini baada ya muda hugeuza karatasi rangi ya njano. Msiitumie kwa kazi ya kuuza.

Pili, kioo kisiguse karatasi. Kata kadibodi ya kuzunguka mchoro, ile mafundi wa fremu huiita maunti, iwe na unene wa kutosha kuacha nafasi. Hamna maunti? Pachika vijiti vyembamba kwenye kingo za ndani za fremu, nyuma ya kioo, mahali macho hayafiki.

Tatu, MSITUMIE SELOTEPU. Gundi yake huingia kwenye karatasi na kuacha doa ambalo halitoki. Pika uji mzito wa wanga wa ngano au mchele, upoe, kata vipande viwili vya karatasi nyembamba, shikiza mchoro kwenye kadibodi ya nyuma, kwa juu tu. Chini na pembeni uachwe huru. Karatasi hutanuka na kunywea kila siku kwa unyevu, na ukiibana pande zote nne itakunjamana. Uji ukauke kabisa kabla ya kufunga fremu. Siku ya kutoa, unalowesha kidogo na kipande kinabanduka.

Hatua ya 6: Kutundika

Kuta za Mji wa Kale ni mawe ya matumbawe na chokaa. Ukipiga msumari, plasta inamong'onyoka na kuacha shimo kama kikombe, na mwenye nyumba ana haki ya kukasirika. Piteni juu: fungeni mshipi wa kuvulia kwenye boriti, fremu zining'inie. Kila fremu mishipi miwili. Kioo cha milimita mbili kina uzito wa karibu kilo tano kwa mita moja ya mraba, kwa hivyo fremu ya sentimita 60 kwa 80 ina kioo cha kilo mbili na zaidi kabla ya kuhesabu mbao. Tundikeni siku moja kabla, maana mshipi hulegea ukibeba uzito, na asubuhi mtazikuta fremu zimeshuka na nyingine zimeinama. Rekebisheni ndipo mfungue.

Nyuma ya kila fremu, pembe mbili za chini, gundisheni vipande vya ndara chakavu. Fremu itakaa mbali na ukuta na hewa itapita. Ukuta wa chokaa unapumua unyevu, na fremu iliyoulalia huota kuvu kwa nyuma mkiwa hamna habari. Kitovu cha mchoro kiwe sentimita 150 hivi kutoka sakafuni. Jua la dirishani lisiguse karatasi.

Hatua ya 7: Lebo na bei

Jina la mchoraji, mwaka, kifaa, bei. Jina la aliyechorwa kama ameruhusu.

Hatua ya 8: Siku yenyewe

Wekeni taa za kuchaji, stima haiaminiki. Waliokaa wakachorwa wakaribishwe mbele, na kahawa na kashata waanze wao.

MASWALI

Kijana wa Kisauni: Shukran fundi. Je, naweza kutumia selotepu ile ya pande mbili?

Mwandishi: Hatua ya 5, maneno yenye herufi kubwa.

Kijana wa Kisauni: Nimeuliza ya pande mbili, si ya kawaida.

Mwandishi: Ya pande mbili ina gundi mara mbili. Hapana.

Mama Salma: Mwanangu, sisi ukumbi wetu uko Nyali, ukuta wa matofali ya saruji. Hakuna boriti. Hayo ya mshipi yanatuhusu?

Mwandishi: Hayawahusu mama. Toboeni kwa drili, mtie plagi na skrubu, mtundike. Ila vipande vya ndara mviweke vile vile, unyevu wa Nyali ni huu huu wa kwetu.

Bro Tudor: Mambo mengi hivi kwa michoro ya penseli? Sisi tulibandika na pini na watu walikuja.

Mwandishi: Kubandika na pini kunawezekana kwa jioni moja, kama kazi si ya kuuza. Mtu akitoa elfu kadhaa kwa mchoro wenye mashimo manne pembeni, hatarudi. Hatua hizi ni za kikundi kinachotaka kuuza na kualikwa tena.

Abu Rayyan: Ndugu, na suala la kuchora nyuso za watu? Wapo wazee mtaani kwetu wasioridhia.

Mwandishi: Swali zuri, na halina jibu la haraka. Wapo wanachama wetu wenye msimamo huo huo wa wazee. Wao huchora mikono, migongo, mtu aliyegeuka, nguo na mkao bila uso, na michoro yao hutundikwa sawa na ya wengine. Baadhi ya kazi bora tulizowahi kuonyesha ni migongo ya wachukuzi. Mlango hatufungi kwa upande wowote. Nasi huenda kuwaona wazee kabla ya siku ya kufungua, wajue ndani kuna nini. Mzee aliyekaribishwa mapema huja na maswali, na ugomvi haupo.

Bint Kibokoni: Mteja amenunua mchoro wangu na sasa anataka kuuchapa kwenye fulana auze. Anasema ni mali yake.

Mwandishi: Karatasi ni mali yake, dada. Hakimiliki ni yako mpaka uiuze kwa maandishi, ndivyo sheria ya Kenya inavyosema. Akitaka fulana mkae mkubaliane malipo. Na usisahau aliyechorwa: yeye aliruhusu ukutani, hakuruhusu vifuani mwa watu. Muulize tena.

Bint Kibokoni: Hilo sikulifikiria. Na michoro isiyouzwa naihifadhi vipi? Yangu iko chini ya kitanda na imeanza kutoa harufu.

Mwandishi: Itoe leo. Sakafu ina unyevu, na chini ya kitanda hewa haiendi. Ilaze kwenye jalada gumu au sanduku pana, juu ya kabati, mbali na ukuta wa nje. Kati ya mchoro na mchoro weka karatasi laini isiyo na maandishi, gazeti hapana, gazeti hugeuka njano na kuambukiza jirani. Madoa ya kuvu usiyafute kwa kitambaa kibichi. Anika kivulini penye upepo mpaka yakauke kabisa, halafu pangusa taratibu kwa brashi laini, nje ya nyumba. Mkaa usiuguse. Kila Januari au Februari, kaskazi ikivuma na hewa imekauka, fungua sanduku lote lipigwe upepo siku nzima. Ukikwama nitumie picha, tutaona pamoja.

Mvuvi wa Likoni: Mimi si mchoraji ila mshipi naujua. Mnaofunga fundo la kawaida litateleza. Pitisha mshipi kwenye kitundu mara mbili, uuzungushe mwenyewe kwa mwenyewe mara tano au sita, urudishe ncha kwenye tundu la chini, lowesha kwa mate ndipo ukaze. Ukikaza mkavu unajichoma na kukatikia hapo hapo kwenye fundo.

Mwandishi: Ahsante sana kaka, hilo la kulowesha sikulijua. Nani mwingine ana la kuongeza kuhusu mafundo?

Kijana wa Kisauni: Huo mshipi ninunue wa nguvu gani?

Mvuvi wa Likoni: Fremu ya kilo nne, chukua ulioandikwa kilo ishirini au zaidi. Na ununue mpya, uliokwisha kukaa juani usiuamini.