Jinsi ya kusoma majibu ya saratani ya titi: lobula au dakto

Majibu ya kinyama, yaani kipande kidogo cha titi kilichotolewa kupimwa, yakitoka, usiishie kwenye neno "saratani". Tafuta aina yake. Saratani vamizi nyingi za titi, yaani zilizokwisha kupenya tishu za jirani, takriban 7 hadi 8 kati ya 10, ni za dakto, zinazohusishwa na mirija ya kupitisha maziwa. Siku hizi ripoti nyingi huiandika kuwa "isiyo na aina maalumu"; ni ugonjwa uleule. Lobula, inayohusishwa na vitezi vinavyotengeneza maziwa, ni kama 10 hadi 15 kati ya 100.

Kinachozitenganisha hasa ni E-kadherini, protini inayoshikanisha seli. Kwa kawaida lobula huwa imeipoteza, hivyo seli zake hupenya kwenye titi mojamoja, zimejipanga mstari kama siafu, bila kukusanyika kuwa donge. Ndiyo maana mgonjwa anaweza asishike uvimbe wowote, akaona tu sehemu iliyokakamaa, titi lililosinyaa au chuchu iliyoingia ndani. Na ndiyo maana mamogramu, picha ya eksirei ya titi, huikosa mara nyingi zaidi, hasa kwenye matiti yenye tishu nzito. Mamogramu safi haifuti badiliko unalolishika kwa mkono: omba ultrasaundi, na shaka ikibaki, kinyama. Lobula ikithibitishwa, uliza kuhusu MRI (picha ya mwili inayopigwa kwa sumaku) kabla ya upasuaji, kwa sababu vipimo vingine mara nyingi huonyesha ugonjwa mdogo kuliko ulivyo.

Kisha shuka kwenye vipokezi, protini za seli ambazo dawa huzilenga, maana hivi huamua dawa kuliko jina la saratani. ER, kipokezi cha homoni ya estrojeni, ikionekana kwenye 1% ya seli au zaidi ni chanya, ingawa 1 hadi 10% ni chanya hafifu. HER2, protini inayochochea seli kukua, ya 0 au 1+ ni hasi, 3+ ni chanya. 2+ bado si jibu, lazima kifanyike kipimo cha jeni. Lobula nyingi sana huwa ER chanya na HER2 hasi. Ukiona lobula yenye ER hasi, omba kipimo kikaguliwe upya. Kinyama kinatakiwa kiingie kwenye formalini, dawa ya kukihifadhi, ndani ya saa 1 na kikae humo saa 6 hadi 72. Kikichelewa, ER inaweza kusomeka hasi kumbe ipo.

Tiba hufuata hatua ya ugonjwa na vipokezi hivyo kwa aina zote mbili: upasuaji, mionzi inapohitajika, tiba ya homoni ya miaka 5 hadi 10 kwa wenye ER chanya (tamoksifeni, au letrozoli kwa aliyekoma hedhi), na trastuzumabu, dawa inayolenga HER2, kwa wengi wenye HER2 chanya. Kuhifadhi titi kunawezekana hata kwa lobula, ila mara nyingi zaidi seli hukutwa kwenye ukingo wa kilichokatwa, na mgonjwa hurudi kwenye upasuaji. Uliza waziwazi: je, wino uliopakwa nje ya kipande umegusa saratani? Tibakemia ya kabla ya upasuaji nayo huyeyusha lobula kabisa kwa nadra kuliko dakto, kwa hiyo usiitegemee sana kama njia ya kuokoa titi.

Kwa hatua ileile, miaka ya mwanzo matokeo hukaribiana. Lobula, hata hivyo, inaweza kurudi baada ya miaka 10 au zaidi, kwa hiyo usikatishe dawa za homoni bila kuzungumza na daktari. Zikisambaa, zote hupenda mifupa. Dakto huelekea zaidi mapafu na ini. Lobula hufika pia tumboni, kwenye utumbo na ovari, na PET ya kawaida, skani ya mwili mzima inayotafuta saratani, huweza isiione. Kushiba upesi au tumbo kujaa maji kusichukuliwe moja kwa moja kuwa vidonda vya tumbo. Ukichukuliwa kinyama cha tumbo, mwambie daktari uliwahi kuwa na lobula, ili maabara ipime ER: chini ya darubini seli hizo hufanana sana na saratani iliyoanzia tumboni, na tiba zake ni tofauti.