Moo ping: pakaa tui zito nyama ikiwa jikoni

Mishikaki ya nguruwe ya Kithai, moo ping, ile inayouzwa asubuhi mitaani Bangkok pamoja na wali wa kunata, hukauka nyumbani kwa sababu moja kubwa: nyama inaachwa juu ya mkaa bila kupakwa chochote. Weka pembeni nusu kikombe cha tui zito na chumvi kidogo, upake kwa brashi kila unapogeuza, yaani kila baada ya dakika moja hivi. Mafuta ya nazi hufunika nyama isikauke, na maji ya tui hupoza sukari ya viungo ili igeuke kahawia taratibu badala ya kuungua.

Kwa nusu kilo ya nyama ya bega, twanga punje 4 za kitunguu saumu, mizizi 3 ya giligilani na kijiko cha chai cha pilipili manga nyeupe. Ongeza sosi ya chaza vijiko vikubwa 2, sosi ya samaki 1, sukari ya mnazi 2. Kata nyama nyembamba, ichanganye na viungo hivi, uilaze usiku kucha kwenye friji. Unapoitunga, anza kila kijiti kwa kipande cha mafuta ya nguruwe.

Tui jepesi halisaidii; linatiririka tu na kuzima mkaa. Moto ukiwa na ndimi, mafuta yanayodondoka yatawaka na nyama itanuka moshi mchungu, kwa hiyo subiri mkaa uvae jivu jeupe. Brashi iliyogusa nyama mbichi isipake mishikaki iliyokwisha kuiva.