Kabla hujaenda msituni kuangalia tai, haya uyajue

Sisi wa Arusha na Moshi wengi tunaona kuangalia ndege ni mambo ya wazungu na kofia zao pana, mpaka siku uende mwenyewe urudi shingo inauma na bado unauliza tunarudi lini. Wiki hii kazini nimeulizwa na watu watatu wajiandaeje, basi naandika mara moja.

Kwanza jua unayemtafuta ni nani. Furukombe wa Ziwa Duluti, yule tai mla samaki, ni rahisi, anakaa juu ya mti wazi anapiga kelele kila mtu anamwona. Tai mwenye taji, yule mla mbega na kima, ni habari nyingine kabisa. Mabawa yake ni mafupi mapana na mkia mrefu, kaumbwa kupita katikati ya miti, na muda mwingi yupo ndani ya majani kimya, unaweza ukapita chini yake unapiga stori zako wala usijue. Kwa hiyo kikubwa cha kujiandaa nacho ni kukaa kimya na kusubiri, kama huwezi bora mwende Maji ya Chai mkale nyama.

Muda sasa. Mtaambiwa mtoke alfajiri na ni kweli, ukitokea Arusha mjini unafika Usa River unakata kushoto kwenda geti la Ngongongare la Hifadhi ya Taifa ya Arusha, wa Moshi waamke mapema zaidi. Ila asubuhi ile ni ya ndege wadogo, tai hapandi angani kukiwa na baridi, anasubiri jua lipashe msitu, kwa hiyo kuanzia kama saa tatu mpaka saa tano ndo anazunguka juu huku anaita, anapanda anashuka kama mtu yuko kwenye bembea. Na saa tatu ndo watu wameshachoka wanasema hamna kitu turudi! Muombe mwongozaji muda huo muwe sehemu yenye uwazi, mfano ukingoni mwa kreta ya Ngurdoto, pale unaangalia msitu kwa juu. Machi mpaka Mei ni mvua na utelezi, Juni na Julai ukungu wa Meru unaweza ukakaa mpaka mchana.

Nguo: kijani iliyopauka, kaki, kahawia, ingia tu mitumba ya soko la Memorial kule Moshi utapata. Mimi mara ya kwanza nilienda na koti la mvua jekundu la nailoni, nikisogeza mkono tu linalia kama pakiti ya krispi, yule kaka aliyetuongoza akavumilia weee mwisho akaja kuninong'oneza, "Dada, vua hilo koti, hata mimi sisikii kitu." Nilivua nikalowa. Suruali ichomekee kwenye soksi, siafu hawana adabu, na upupu upo pembeni ya njia.

Darubini ukiazima chukua ya 8 kwa 42, yaani inakuza mara nane na kioo cha mbele kina upana wa milimita 42, kuliko zile za kukuza sana, msituni kuna giza na unahitaji kuona eneo pana, ukikuza mno kila ukitetemeka mkono unaona majani tu. Halafu fanya mazoezi nyumbani, siku mbili tatu wafuatilie mwewe wanaoiba nyama sokoni mpaka uweze kumweka ndege kwenye kioo bila kumtafuta tafuta, maana tai akipita una sekunde nne.

Kuhusu mwongozaji, usitoe hela kabla hujamuuliza maswali. Wapo wanaojua simba na tembo vizuri sana lakini kila chenye mabawa kwao ni mwewe, mmoja alishanila hela hivyo. Muulize tu, tai mwenye taji na tai kishungi unawatofautishaje? Anayejua atakwambia kishungi ni yule mdogo mweusi mwenye manyoya marefu kichwani yanayopepea, anayekaa kwenye nguzo za umeme huko mashambani. Muulize pia kama anasikiliza nyani. Yaani siku niliyomwona tai, mbega walikuwa wanakula majani, mikia myeupe inaning'inia kama pazia, ghafla wote wakadumbukia ndani ya matawi na dume akaanza kunguruma kama pikipiki inayokataa kuwaka. Sisi wote tukawakodolea mbega. Yule kaka peke yake aliangalia juu.

Mkitaka kutembea kwa miguu ndani ya hifadhi lazima muwe na askari mwenye bunduki, sababu ni nyati, sio mapambo. Getini hawapokei keshi, mlipie kabla, na beba kitambulisho cha taifa ulipe bei ya mzawa. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku toka Juni 2019 kwa hiyo chapati zako weka kwenye hotpoti, ule ndani ya gari kama nyani wako karibu.

Mkionyeshwa kiota msisogee na msirushe mahali kilipo kwenye magrupu. Wale wanalea kinda mmoja, na wanamhudumia muda mrefu hata akishaanza kuruka, kwa kawaida wanazaa mara moja kila miaka miwili, mkiwafukuza kwa ajili ya picha mmewaharibia miaka miwili. Na wale wa kupiga sauti ya ndege kwenye simu ili aje, acheni jamani.

Mwongozaji mpeni asante yake hata kama tai hajatokea. Safari yangu ya kwanza niliona hondohondo, twiga, nyati mmoja mwenye hasira, na kisogo cha baba mmoja mrefu aliyekaa mbele yangu kwenye gari.